Ubao wa kujifunzia flapu za kuzungusha: shajara ya mradi

Hii ni shajara ya kutengeneza ubao wa mazoezi ambao daktari anayejifunza upasuaji rekebishi ataweza kuchora, kukata, kuzungusha na kushona flapu ya ngozi kabla hajamgusa mgonjwa. Flapu ni kipande cha ngozi pamoja na mafuta ya chini yake, kinachohamishiwa kwenye pengo la jirani kikiwa bado kimeshikana na mwili upande mmoja. Damu inaingia na kutoka kupitia upande huo. Ngozi ya kupandikiza ni kitu kingine: yenyewe hutolewa kabisa, na huishi au hufa kulingana na kidonda itakapolazwa. Humu sehemu iliyoshikana nitaiita shina, na nukta ambayo flapu inaizunguka nitaiita egemeo.

Ninaandika kila hatua inapokwisha, ili atakayetaka kunakili asilazimike kuanzia tulipoanzia sisi. Zilizokwenda vizuri nitazipitia juu juu. Zilizokwama ndizo zenye faida kwa msomaji, nazo nitakaa nazo.

11 Januari: Hesabu kabla ya kisu

Tatizo tunalotaka kulitibu ni moja: flapu ya kwanza ya anayejifunza huwa ndogo mno. Jicho linatazama pengo. Pengo la sentimita 2 likiwa shavuni, kupasua mstari wa sentimita 10 kwenye ngozi nzima kunaonekana ni kumdhulumu mgonjwa, na mkono unajikuta unachora kifupi. Kisha flapu haifiki. Inavutwa kwa nguvu, ncha inakuwa nyeupe, na baada ya siku chache inakuwa nyeusi. Mgonjwa aliyeonewa huruma sasa ana kidonda kikubwa kuliko alichokuja nacho.

Kwa hiyo tumeanza na karatasi na penseli. Pengo la duara tunaligeuza kuwa pembetatu: kilele kinaelekea katikati ya duara kubwa la kufikirika, kitako kinakaa kwenye mzingo wa duara hilo. Kutoka kwenye kitako tunaendeleza mstari kufuata mzingo, na hilo ndilo tao la flapu. Flapu ikizunguka na kuziba pembetatu, ukingo wake unashonwa na ukingo wa nje. Tatizo ni kwamba ukingo wa nje ni mrefu zaidi, na unazidi kwa upana wa pengo lenyewe.

Tazama hesabu. Pengo lina upana wa sentimita 2. Ukikata tao la sentimita 4, ukingo wa flapu una sentimita 4 na wa nje una 6. Flapu inadaiwa nusu ya urefu wake, na hakuna ngozi ya uso inayolipa deni hilo bila kuumia. Ukikata tao la sentimita 8, ni 8 kwa 10, yaani robo. Ukikata la sentimita 10, ni 10 kwa 12, sehemu moja ya tano. Kanuni inayofundishwa kila mahali, kwamba tao liwe mara 4 hadi 5 ya upana wa pengo, inatoka hapa. Wengi tuliifahamu kanuni. Tuliokuwa tumewahi kuona inakotoka tulikuwa wachache. Ubao huu ni wa kuifanya hesabu hiyo ihisike mkononi.

Gharama ya hatua hii ni karatasi tu.

25 Januari: Sponji

Tulijaribu sponji ya godoro kwa sababu ipo kila mahali na inakatika kirahisi. Haifai. Inavutika pande zote sawasawa, sindano inaichana, na ikibonyezwa inajikunja ndani ya pengo hata flapu mbaya ionekane imeziba. Tumeihifadhi iwe tabaka la mafuta chini ya ngozi, kazi ambayo inaiweza vizuri.

8 Februari: Turubai

Turubai zito la pamba halivutiki. Tulilichukua kwa majaribio ya haraka, na limegeuka kuwa kituo cha kwanza cha ubao. Litabaki hapo.

Lilichoshinda ni hili: ukilikatia flapu ya kuzungusha, haikubali kuziba kwa namna yoyote ya ujanja. Ukingo wa nje unabaki na ziada, na ziada hiyo inasimama kama nundu mwishoni mwa mshono. Anayejifunza anaiona kwa macho na kuipima kwa rula: ni sentimita 2, upana wa pengo. Hapo anaelewa kwamba ziada haiwezi kufutwa. Inaweza kugawanywa tu au kukatwa. Kugawanya ni kushona kwa nusu. Mshono wa kwanza unaweka ncha mahali pake, wa pili unaingia katikati ya nafasi iliyobaki, unaofuata katikati ya kila nusu, hadi ziada itawanyike kwenye tao zima. Kukata ni kuondoa kipande kidogo cha pembetatu, kiitwacho kipembetatu cha Burow, kutoka ukingo wa nje, karibu na mwisho wa tao. Tao likiwa refu, kugawanya kunatosha. Likiwa fupi, kipembetatu kinakuwa cha lazima.

Kwenye turubai hilo hilo tunafanya jaribio la shashi. Shashi inakatwa kwa umbo la flapu, upande mmoja unabanwa kwa kidole kwenye egemeo, kisha inazungushwa hadi penye pengo. Isipofika, mchoro unafutwa na kuanza upya, na hakuna aliyeumia. Hii ni kupanga kinyumenyume, kuanzia mwisho wa kazi kuja mwanzo. Katika kufanya hivyo kila mtu anagundua kwamba umbali kutoka egemeo hadi ncha haubadiliki kwa kuombewa. Mstari huo ndio unaobeba mvutano mkubwa kuliko yote. Ukiuchora mfupi, hakuna mshono utakaouongeza.

Njia hii ni ya zamani sana. Jarida moja la London lilieleza mwaka 1794 jinsi mafundi wa India walivyotengeneza pua kwa ngozi ya paji la uso. Bamba jembamba la nta lilifinyangwa juu ya kisiki cha pua, likanyooshwa, likalazwa kwenye paji, na mstari ukachorwa kulizunguka. Joseph Carpue alifanya upasuaji wa namna hiyo London mwaka 1814 na kuutangaza kwa maandishi mwaka 1816. Tumeweka nta laini kwenye kisanduku cha ubao kwa ajili ya pua. Kwa umbo lenye mabonde na vilima nta inaishinda shashi.

Gharama: turubai linakwisha haraka. Kila zoezi linakula kipande cha upana wa viganja viwili, na hakirudishwi.

1 Machi: Silikoni tupu

Silikoni ya kumiminwa ilitupa ngozi nzuri ya kutazama. Tuliimimina kwa unene wa milimita 2 juu ya sponji, ikapakwa rangi, ikashoneka kwa uzi mwembamba wa nailoni wa namba 5-0. Wote waliiona wakaipenda.

Lakini ilikuwa inadanganya. Silikoni laini inavutika kupita ngozi yoyote ya binadamu, na inavutika sawa kila upande. Daktari mmoja anayejifunza alikata tao la sentimita 4 kwa pengo la sentimita 2, ile ile flapu ambayo turubai liliikataa, na ikaziba bila hata nundu. "Daktari, mbona hii imekubali?" aliuliza, na swali lake ndilo lililoondoa ngozi ile mezani. Kifaa cha mazoezi kinachosamehe kosa ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa, kwa sababu mtu anaondoka na uhakika usio na msingi na kuupeleka kwenye meza ya upasuaji.

Kasoro ya pili: uzi unaikata. Ukivuta kidogo tu, tundu la sindano linachanika hadi ukingoni. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi za kolajeni zinazouzuia uzi. Silikoni haina chochote.

Gharama: mkebe mzima wa silikoni pamoja na muda wa kusubiri kila mmimino ukauke.

22 Machi: Silikoni yenye wavu

Hatua hii imetuchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo yenye maelezo mengi.

Wazo lilikuwa kuipa silikoni nyuzinyuzi. Tulichukua kitambaa cha soksi ndefu za nailoni, tukakilaza ndani ya silikoni ikiwa bado majimaji. Matokeo ya kwanza yalikuwa mabaya: wavu ulielea, ukakaa juu upande mmoja na kuzama upande mwingine, na ilipokauka tabaka mbili zikaachana kila ulipopitisha mkasi. Kumimina tabaka nene juu ya wavu hakukusaidia, kwa sababu hewa ilinaswa kwenye matundu.

Kilichofanya kazi ni kumimina kwa awamu. Tabaka la kwanza la milimita 1 linaachwa hadi liwe la kunata, yaani kidole kikigusa kinashikwa lakini hakitoki na silikoni. Wavu unalazwa hapo na kubonyezwa kwa kijiko kuanzia katikati kwenda nje, hewa ikitoka pembeni. Kisha tabaka la pili la milimita 1 linamiminwa juu. Zikikauka pamoja hazitengani tena. Na uzi wa 5-0 sasa unashika: unavutwa hadi ukingo unakuwa mweupe, lakini haukati.

Faida kubwa zaidi ni mwelekeo. Soksi ya nailoni inavutika sana upande mmoja na kidogo upande wa pili, nayo ngozi ya mtu iko hivyo. Karl Langer alitoboa ngozi za maiti kwa chombo cha duara na kuona matundu yakigeuka kuwa nyufa, na mwaka 1861 akachapisha ramani ya mistari hiyo ya mvutano. Jeraha linalofuata mistari linajifunga vizuri, linaloikata linaachama. Ngozi inayoweza kukopwa kwa urahisi hupatikana ukiivuta kwa kukingamana na mistari, kama unavyoweza kubana ngozi ya paji kwa urahisi zaidi kutoka juu kwenda chini kuliko kutoka kushoto kwenda kulia.

Tuliipima ngozi bandia yetu kwa njia ya Langer mwenyewe. Tuliibana kwenye fremu ya mbao, tukaivuta kidogo kufuata upande usiovutika, tukaitoboa kwa bomba dogo lenye ncha ya duara. Matundu yalirefuka yote kuelekea upande mmoja, kama tulivyokusudia. Tangu hapo kila ngozi inayotoka kwenye kalibu inatobolewa tundu moja pembeni. Likibaki duara, wavu umelazwa vibaya na ngozi hiyo inakuwa ya kujifunzia kushona tu.

Kulikuwa na shida nyingine: jinsi ya kuifanya ishikane na sponji kwa kiasi. Bila kushikana, anayejifunza halazimiki kuilegeza ngozi chini kwa chini, nayo ni nusu ya kazi yote. Ikishikana kabisa, mkasi unachana sponji. Sasa tunapaka mafuta ya mgando kwa kidole juu ya sponji, tukiacha visiwa visivyopakwa kila baada ya sentimita 1 hivi. Silikoni inashika kwenye visiwa na kuteleza penginepo. Mkasi ukiingia unasikia kitu kikiachia, kimoja baada ya kingine. Aliyewahi kulegeza shavu la mgonjwa atautambua mguso huo.

Kwa ngozi hii tao la sentimita 4 halizibi pengo la sentimita 2. La sentimita 8 linaziba kwa jitihada, la sentimita 10 linaziba kwa raha. Ubao umeanza kusema kweli.

12 Aprili: Msambamba wa Limberg, na flapu ya matawi mawili

Flapu ya Limberg, iliyoelezwa mwaka 1946, inaziba pengo la umbo la msambamba wenye pembe za digrii 60 na 120 na pande zote sawa. Kila msambamba unatoa flapu nne zinazowezekana, na zote ni sahihi kwa jiometria. Kwenye ngozi yenye mwelekeo si zote zilizo sahihi, kwa kuwa mvutano mkubwa unaangukia pale ngozi ilipotolewa, na pale panapaswa kujifunga kwa kuvuta upande unaovutika. Kwenye silikoni tupu zote nne zilijifunga. Kwenye ngozi ya wavu, zilizogeuzwa vibaya ziliachama na kuvuta sponji juu. Hatujarekebisha kitu. Tumeagiza tu kwamba kila mmoja achore zote nne kwa kalamu kwanza, kisha abane ngozi kwa vidole kwenye kila moja kabla ya kuchagua.

Flapu ya matawi mawili, ambayo tawi la kwanza huziba pengo na la pili huziba mahali lilipotoka la kwanza, ilihitaji kituo chake. Esser aliieleza mwaka 1918 kwa ajili ya ncha ya pua, na katika muundo wake matawi yaligeuka jumla ya digrii 180. Mgeuko huo unaacha nundu kubwa na kuipindisha pua. Zitelli aliipunguza mwaka 1989: kila tawi likageuka digrii 45 hadi 50, jumla 90 hadi 100. Tunawapa wanaojifunza kalibu mbili za plastiki, ya zamani na ya Zitelli, wakate zote kwenye ngozi mbili zinazofanana na kuziweka ubavu kwa ubavu. Maelezo marefu hayahitajiki baada ya hapo.

3 Mei: Damu

Hadi hapa ubao ulikuwa unafundisha jiometria pekee, na jiometria bila damu inaua flapu.

Jaribio la kwanza lilikuwa mirija myembamba ya dripu chini ya silikoni, yenye maji mekundu. Liliharibika mara tu kisu kilipopita: maji yalijaa kwenye sponji, silikoni ikaacha kushika, meza ikalowa, na hakuna aliyeweza kuona alichokata. Kuongeza unga wa mahindi ili maji yawe mazito kuliziba mirija. Tumeliacha kabisa.

Badala yake tunachora. Kabla ya tabaka la kwanza la silikoni kuwekwa kwenye sponji, linageuzwa na kuchorwa mishipa kwa rangi nyekundu (ateri, zinazoleta damu) na buluu (vena, zinazoirudisha), ikitoka kwenye shina la kawaida na kutawanyika kuelekea nchani. Juu haionekani kitu. Anayejifunza anakata, anazungusha, anashona. Mwishoni nyuzi zinaondolewa, flapu inapinduliwa, na anahesabu mistari aliyoikata. Sista wa chumba cha upasuaji ndiye aliyesema tusitumie rangi nyekundu peke yake: "Mnasahau vena, na flapu nyingi ninazoziona wodini zikiharibika ni za vena." Buluu iliongezwa siku hiyo hiyo.

Mchoro huo umetusaidia hasa kwenye mkato wa kulegeza, ule mkato mfupi unaotoka mwisho wa tao na kuingia ndani ya shina. Unasogeza egemeo karibu na pengo, na flapu inafika mara moja. Unavutia, kwa sababu unatatua tatizo la tao fupi papo hapo. Lakini kila milimita ya mkato inapunguza shina, na ukipindua ngozi unaiona mishipa iliyokufa kwa ajili ya milimita hizo. Tumeona watu wakinyamaza wakiitazama, kisha wakaomba ngozi nyingine wachore tao refu.

Kwa wanaosoma vitabu vya zamani: kanuni ya kwamba urefu wa flapu usizidi mara fulani ya upana wa shina ilitikiswa na Milton mwaka 1970, alipoonyesha kwa nguruwe kwamba kupanua shina peke yake hakuongezi urefu unaoishi. Kinachoamua ni mishipa iliyomo. Mwaka 1973 McGregor na Morgan walitenganisha flapu zenye ateri inayojulikana ndani yake na zile zinazotegemea mtandao wa mishipa midogo isiyo na mpangilio. Flapu ya paji la uso ni ya kundi la kwanza: ateri ya juu ya kona ya ndani ya jicho inaingia humo, na ndiyo maana shina la sentimita 1.5 tu linaweza kulisha ngozi ndefu hadi puani, kisha likakatwa baada ya wiki 3 hivi. Flapu nyingi za kuzungusha shavuni ni za kundi la pili, ingawa uso una damu nyingi na unavumilia kuliko mguu.

Dalili za hatari haziwezi kufanywa kwa silikoni. Tumeziandika kwenye kadi inayokaa juu ya ubao. Flapu isiyopata ateri hupauka na kupoa, na ukiibonyeza rangi inachelewa kurudi, zaidi ya sekunde 3. Flapu ambayo vena zake zimezibwa huwa ya zambarau na kuvimba, rangi inarudi upesi kupita kawaida, na ukiichoma sindano inatoka damu nyeusi. Kwa zote mbili, kazi ya kwanza ni kuangalia bandeji isibane, kutoa nyuzi zilizokaza, kuona kama shina limejisokota, na kuondoa damu iliyovilia chini yake. Kusubiri kesho asubuhi hakumo kwenye kadi. Chini kabisa tumeandika kwamba mgonjwa anayevuta sigara aache angalau wiki 4 kabla, kwa sababu nikotini inabana mishipa ile ile tunayoitegemea.

31 Mei: Ngozi ya nguruwe

Ngozi ya nguruwe imeshikana na tishu za chini kama ya binadamu, na kisu kinakutana na ukinzani wa kweli. Inafaa sana kwa mkono: kusimamisha kisu wima, kushona tabaka la ndani, kuweka ncha ya flapu kwa ule mshono unaopita ndani ya ngozi ya ncha bila kutokea juu, usioikaba.

Haifai kwa kujifunza kuzungusha. Ni nene na ngumu, haitembei, na ikigandishwa kisha kuyeyushwa inalegea na kutoa maji. Ikiachwa wazi inakauka kingo ndani ya kipindi kimoja. Shashi iliyolowa maji ya chumvi inaokoa muda kidogo. Tumeipa nafasi ya mwisho kabla ya chumba cha upasuaji, baada ya turubai na silikoni, na kwa anayetaka tu.

Gharama yake kubwa ni usafi: meza, vyombo, taka, na mahali pa kugandishia palipotengwa.

21 Juni: Shavu na kope

Ubao tambarare ulifika mwisho wake hapa. Flapu kubwa ya shavu, ile ya Mustardé, inazungushwa kutoka shavuni na upande wa sikio ili kujenga kope la chini. Kwenye ubao inaonekana ni tao tu. Usoni, uzito wa shavu unaivuta chini, na kope linapinduka nje, jicho linabaki wazi na kukauka.

Tulichonga uso wa mbao wenye tundu la jicho na mfupa wa pembeni, tukaweka kope la ukanda wa mpira mwembamba, na juu yake ngozi ya wavu. Flapu za kwanza zote zilivuta kope chini. Tulidhani ni silikoni nzito mno, tukaimimina nyembamba zaidi, na bado kope lilishuka. Tatizo lilikuwa kwenye mchoro na kwenye nanga. Tao linapaswa kupanda juu ya kona ya nje ya jicho kabla ya kugeuka kwenda sikioni, ili flapu ishuke kujaza, isipande. Na sehemu ya ndani ya flapu lazima ishonwe kwenye utando wa mfupa pembeni mwa jicho, ili mfupa ubebe uzito badala ya kope.

Kwa hiyo tumepiga misumari midogo yenye vichwa kwenye mbao pale mfupa ulipo, na kuizungushia utepe mgumu wa kitambaa. Uzi wa nanga unashikwa hapo. Tunatundika kibonge cha risasi cha kuvulia samaki chini ya flapu kuwa uzito wa shavu. Bila nanga, ukanda wa mpira unashuka milimita kadhaa palepale. Ukiweka nanga, unabaki mahali pake. Hiki ndicho kituo ambacho madaktari waliokwisha kubobea huja kukijaribu, na hatuwazuii.

12 Julai: Kuba la kichwa

Ngozi ya kichwa ina galea, tabaka gumu lisilovutika. Ukikata pengo la sentimita 3 hapo, tao la mara 4 halitoshi. Wengi huenda hadi mara 6, na kichwa ni cha mviringo, kwa hiyo flapu inapoteza urefu pia kwa kupanda kilima. Kwa upande mwingine, chini ya galea kuna nafasi legevu inayofunguka kwa kidole, na damu ni nyingi.

Kuba ni bakuli la plastiki lililopinduliwa. Tabaka la chini ni turubai, kwa kazi ya galea. Juu yake ni silikoni ya milimita 3, na mishipa imechorwa kati ya hayo mawili, kwa kuwa mishipa ya ngozi ya kichwa hupita juu kidogo tu ya galea. Zoezi ni kuinua flapu, kuipindua, na kuchanja galea kwa mistari sambamba inayokata upande wa kuvuta, sentimita 1 kati ya mstari na mstari. Kila mchanjo unaachia kidogo. Kisu kikizama kupita turubai, mstari mwekundu unakatika na kila mtu anauona.

Kinachokwama sasa ni gundi. Turubai na silikoni vinaachana ukingoni baada ya flapu kupinduliwa mara mbili au tatu, na mchanjo unaanza kuteleza badala ya kukata. Gundi ya mpira haikushika silikoni. Gundi ya silikoni ilishika, lakini inaacha turubai gumu kama ubao na mchanjo hauleti tofauti. Njia inayofuata ni kulilaza turubai ndani ya silikoni ikiwa ya kunata, kama tulivyofanya na wavu, ila kwa turubai lililofumwa wazi zaidi ili silikoni ipenye.

Atakayetaka kuanza kunakili kabla kuba halijakamilika ana vya kumtosha: turubai na shashi kwa kituo cha kwanza, silikoni ya sehemu mbili yenye ugumu wa Shore A 10 au chini yake, soksi za nailoni, sponji ya sentimita 1, mafuta ya mgando, rangi nyekundu na buluu, fremu ya mbao, uzi wa nailoni wa 5-0, na bomba dogo la kutobolea tundu la majaribio. Mmimino mmoja wa ukubwa wa fremu unatoa flapu moja kubwa, au Limberg mbili ukizipanga vizuri. Ngozi zilizotumika zisitupwe: zikatwe vipande vya kujifunzia mshono wa ncha. Kuba la turubai jipya litamiminwa wiki ijayo.